Somo: Kuwasha LED nyeupe kwa sambamba nyuma ya skrini ndogo

LED nyeupe (vitaa vidogo vya kielektroniki) za pakiti moja hazilingani. Kwa mkondo wa miliampea 20, moja yaweza kuhitaji volti 3.0 na jirani yake volti 3.4. Ukiziunganisha sambamba, yaani kila moja kwenye ncha zilezile mbili za chanzo, bila kitu cha kuzidhibiti, ile ya volti 3.0 hubeba mkondo mkubwa kuliko mwenzake, hupata joto, na kwa kuwa joto hushusha volteji yake, huzidi kuvuta mkondo, huku upande wa pili wa skrini ukibaki umefifia.

Hatua ya kwanza: ipe kila LED rezista yake, yaani kipande kinachozuia mkondo. Kwa chanzo cha volti 5 na LED ya volti 3.2, zinabaki volti 1.8; zigawe kwa ampea 0.02 (miliampea 20), upate omu 90; tumia 91, ambayo hupatikana madukani. LED ya volti 3.0 itapitisha takriban miliampea 22 na ile ya 3.4 takriban 18, tofauti ambayo jicho halitaiona kwa urahisi.

Hatua ya pili: rudia hesabu kwa betri yako, kwani hapa ndipo wengi hukwama. Betri ya lithiamu ikiwa na volti 3.7, rezista ni omu 25, na LED zilezile mbili sasa hupata takriban miliampea 28 na 12. Betri ikijaa hadi volti 4.2, hata LED ya kawaida ya volti 3.2 hufikia 40.

Hatua ya tatu: kwa sababu hiyo, kwenye betri tumia chipu inayodhibiti mkondo wa kila LED peke yake, na inayopandisha volteji kwa kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) betri inapopungua.

Hatua ya nne: punguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka, zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Ukipunguza mkondo wenyewe, rangi ya mwanga hubadilika kidogo.

Swali: Mwalimu, rezista moja haitoshi kwa LED zote nne?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Hiyo hupanga jumla ya mkondo tu, haiugawi. Tena, LED moja ikikatika, zilizobaki hugawana mkondo wake.

Swali: Kwa nini tusiziunge kwa mfululizo, moja baada ya nyingine?

Jibu: Mfululizo husawazisha mkondo vizuri sana, lakini LED tatu zahitaji takriban volti 9.6, hivyo utalazimika kuongeza kipandisha volteji chenye koili, na LED moja ikikatika, zote huzima.