Anwani ya IP Ikigongana, Tafuta Mashine ya Pili

Kompyuta ikionya kwamba anwani yake ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) inatumiwa na mashine nyingine, wengi huzima ruta na kuiwasha tena. Onyo hupotea, kesho linarudi, kwa sababu ile mashine ya pili bado imeishikilia anwani ileile. Anza na hiyo.

Tuseme anwani inayogombewa ni 192.168.1.50. Kwenye kompyuta ya Windows inayolalamika, andika ipconfig /all, nakili MAC yake (namba ya kifaa chenyewe, kwenye mstari wa Physical Address), kisha chomoa kebo au uzime Wi-Fi. Hamia kompyuta nyingine ya mtandao huohuo, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

arp -d 192.168.1.50
ping 192.168.1.50
arp -a

Usiiruke ya kwanza. Inafuta kumbukumbu ya zamani ya MAC iliyokuwa na anwani hiyo; bila hivyo unaweza kusoma MAC ya kompyuta uliyoichomoa ukadhani umempata mhusika. Ping isipojibiwa, angalia orodha ya arp hata hivyo: mashine nyingi hunyamazia ping, lakini swali la ARP, linalouliza ni MAC ipi yenye anwani hiyo, hulijibu.

Alama 6 za mwanzo za MAC huonyesha kiwanda, hivyo utajua kama unasaka printa, kamera au kitu kingine. Alama ya pili ikiwa 2, 6, A au E, MAC hiyo haikutoka kiwandani. Mara nyingi ni simu iliyojibunia MAC au kompyuta pepe. Kama bado hujui kifaa kiko wapi na ping inajibiwa, acha ping -t 192.168.1.50 ikiendelea huku ukichomoa kebo za swichi moja moja. Majibu yakikatika, umeufikia waya wake.

Mara nyingi utakuta printa iliyowekewa anwani ya kudumu ndani ya safu ya DHCP, yaani anwani ambazo ruta hugawa yenyewe. Usiku imezimwa, ruta inampa mwingine anwani hiyo. Asubuhi ikiwashwa, ugomvi unaanza. Hata ruta inayopima kabla ya kugawa haiwezi kuiona printa iliyozimwa. Tenganisha: DHCP igawe 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, za kudumu ziwe 192.168.1.2 hadi 192.168.1.99. Sisi tunapendelea kuiacha printa ipokee anwani yenyewe, na kuitengea anwani moja kwenye ruta kwa MAC yake. Anwani zote zinabaki zimeandikwa mahali pamoja. Kisha, kwenye kompyuta iliyolalamika, ipconfig /release na ipconfig /renew.

Ikiwa intaneti inakatikakatika kwa watu wote, shuku ruta ya pili iliyoongezwa ili kusambaza Wi-Fi. Huenda nayo inajiita 192.168.1.1 na inagawa anwani. Itoe mtandaoni, iunganishe na kompyuta moja tu, ipe 192.168.1.2, zima DHCP yake, kisha uirudishe kwa tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si la WAN (la kupokea intaneti).