SOMO: Kutengeneza modeli ya leza za faiba zinazoshikana awamu (anza na mbili tu)

Wakuu, vijana wa fizikia hapa Mtwara mjini wameniuliza sana hii kitu, naiweka kwa wote hata wa Lindi na Masasi.

Kwanza mjue tunatafuta nini. Leza ya faiba ni leza ambayo mwanga wake unazalishwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Leza 20 zinazolingana ukizielekeza sehemu moja kila moja na awamu yake (yaani wimbi la mwanga wake limefika wapi kwenye kupanda na kushuka), mwangaza pale kati kwa wastani ni mara 20 ya leza moja. Zikienda awamu moja unapata 20 kwa 20, yaani mara 400, na nguvu jumla haijaongezeka, imekusanyika tu sehemu ndogo. Ndo maana ukipima nguvu jumla peke yake hujapima kohirensi, yaani kwenda kwa awamu moja.

Hatua ya 1. Chukua leza mbili. Tofauti ya awamu zao iite φ, tofauti ya masafa yao (frikwensi, kasi ya mitetemo ya mwanga) iite Δ, nguvu ya kuunganishwa K. Mlinganyo ni dφ/dt = Δ − K sin φ. Ni kama wapiga ngoma wawili wa Newala, kila mtu ana mwendo wake ila anamsikiliza mwenzake, anaharakisha au anapunguza mpaka mapigo yanakutana.

Hatua ya 2. Weka K = 1, hatua ya muda 0.01, irun kwenye Python. Δ ikiwa 0.5, φ inatulia kwenye nyuzi 30, zimefungana. Δ ikiwa 1.2 hazifungani tena, φ inateleza mzunguko mzima kila baada ya muda kama 9.5.

Hapa tulieni kidogo maana ndo panapopotosha watu wengi. Weka Δ = 1.01. Mzunguko mmoja sasa unachukua muda kama 44, na sehemu kubwa ya muda huo φ inakaa karibu na nyuzi 90 kama vile imetulia, sasa mtu akirun mpaka 20 tu akachora grafu anasema zimefungana, kumbe bado kidogo iteleze. Ukiwa karibu na mpaka wa kufungana, yaani Δ inakaribia K, run muda mrefu sana, hamna njia ya mkato.

Hatua ya 3. Ongeza ziwe 20 kwa modeli ya Kuramoto, yule Mjapani aliyeitoa 1975, kila leza inavutwa na wastani wa wenzake wote. Pima r: kila awamu ifanye namba changamano yenye urefu 1, jumlisha, gawa kwa 20, chukua ukubwa. r ikiwa 1 wote wako pamoja. Ila ukiona 0.2 usishangilie, awamu za bahati nasibu tu kwa leza 20 zinakupa karibu hiyo hiyo.

Hatua ya 4. Ingiza na gain kwenye modeli, yaani jinsi faiba inavyokuza mwanga. Kwenye ytterbium, elementi inayowekwa ndani ya kioo cha faiba ili ikuze mwanga, atomu zinakaa kwenye nishati ya juu kama milisekunde 1, na mwanga kwenye ringi ya faiba (faiba iliyofungwa duara) ya mita 10 unazunguka kwa nanosekunde 48 hivi, yaani mizunguko kama elfu 20 kabla gain haijabadilika vya kutosha. Kwahiyo hesabu uwanja wa mwanga mzunguko kwa mzunguko, gain iache ijongee polepole.

MASWALI

Mdau wa Nachingwea: Mwalimu, laptopu yangu ina ramu ya 4GB, itaweza?
Jibu: Inaweza vizuri ndugu yangu, hatua 1 mpaka 3 ni nyepesi mno. Hatua ya 4 ndo utaiacha ikirun usiku, save matokeo kila baada ya muda umeme usije ukakatika ukaanza upya.

Mdau wa Mikindani: Kaka, K ikiwa hasi je?
Jibu: Swali zuri sana dada. Kwa leza mbili zinafungana kinyume, φ nyuzi 180 kama masafa yanalingana, na pale kati panakuwa giza kabisa, mwanga unaenda pembeni. Zimefungana kweli, ila si unavyotaka.

Mdau wa Lindi mjini: Mbona kwenye maabara zikizidi kama kumi zinazounganishwa bila kifaa cha kurekebisha awamu ufanisi unashuka, wakati Kuramoto inasema ongeza tu K?
Jibu: Kuramoto inaipa kila leza masafa yake moja. Faiba ya ringi ya mita 10 ina masafa inayoyakubali kila baada ya megahezi 20 hivi, kwenye upana wa nanomita 10 tu ni zaidi ya laki moja, na leza zikiunganishwa zinachagua yale yanayowafaa wote kwa pamoja, yenye hasara ndogo. Urefu wa faiba haulingani kamwe, kwahiyo kila ukiongeza faiba yale ya kuwafaa wote yanapungua, na K ukiipandisha hairudishi masafa ambayo hayapo. Ndo maana kwenye hatua ya 4 kila faiba ipe urefu wake, usizifanye zote mita 10 kamili.