Tela la farasi wawili la mkononi: lala chini yake kabla hujatoa hela

Wakuu, salaam kutoka Mufindi, ambako ukungu wa leo umegoma kuondoka mpaka saa nne na nusu. Mwezi huu watu watatu wamenitumia picha za matela ya farasi wanayotaka kununua. Wote wamepiga ubavuni, rangi inang'aa, vioo vimefutwa. Picha ya chini ya tela hakutuma hata mmoja. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu peke yake, niandike mara moja.

Mimi si tajiri wa farasi. Ni saisi, yaani mtunza farasi, niliyegeuka dreva, na kwa miaka kumi na kitu nimebeba farasi wa watu kati ya Iringa, Mafinga na Mbeya. Tela la kwanza ambalo bosi wangu alinituma nikalikague lilikuwa la kijani, limependeza kama gari la harusi. Muuzaji alikuwa amebandika mikeka ya mpira sakafuni kwa gundi, akaniambia ni ili isiteleze. Nikamsifu kwa ustaarabu wake! Siku ya kupakia tulianza na jike mmoja mpole. Akaweka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ule wa nyuma kulia ulipotua, sakafu ikalia kama muhogo mkavu unavunjwa, kwato ikazama mpaka kwenye kifundo. Tulikuwa bado uani na gari limezimwa, naye badala ya kuruka akasimama ananitazama tu. Tulikata mbao kwa msumeno wa mkono, taratibu, mimi nimemshika hatamu namwimbia. Mguu ule ungetoboa tukiwa Nyololo, lami inapita chini kwa kasi, leo nisingekuwa na hamu ya kuandika habari za matela.

Sasa tuanze.

Hatua ya 1: hesabu ya uzito, kabla hujatoka nyumbani

Farasi wa kawaida wa kupanda ana kilo 450 hadi 550. Wawili ni kama tani moja. Tela lenyewe likiwa tupu lina kilo 900 hadi 1,000, kwa hiyo unavuta kama tani mbili, bado nyasi, maji na matandiko. Kwenye tela zima kuna kibati kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa; mengi ya farasi wawili yaliyotoka Uingereza yameandikwa kilo 2,600 au 2,700. Kibati kikiwa kimeng'olewa, jiulize kwa nini.

Kisha fungua kitabu cha gari lako uone linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Land Cruiser pikapu haina shida. RAV4 ya zamani iache ikapeleke watoto shule. Kuvuta litavuta, tatizo ni kusimama.

Hatua ya 2: sakafu

Chukua bisibisi bapa na tochi. Mikeka yote itoke nje. Ikiwa imebandikwa, ibanduliwe. Muuzaji akikataa, muage vizuri uondoke.

Choma bisibisi kila baada ya shubiri moja. Sumbua zaidi kandokando ya kuta, kwenye kona, na pale mkojo unapoangukia: dume hukojolea katikati ya sakafu, jike hukojolea nyuma karibu na mlango. Bisibisi ikizama kama kwenye sabuni ya mche, mbao imekwisha. Rudia kazi hiyohiyo ukiwa chini ya tela, maana kuna mbao ambayo juu ni ngumu na chini ni unga. Sakafu ya aluminiamu haiozi lakini inaliwa na mkojo. Tafuta unga mweupe na vishimo vidogo.

Sakafu mbovu peke yake haitoshi kukufukuza. Kama vyuma vinavyoibeba ni vizima, seremala mzuri ataweka mbao mpya, wewe ukate gharama hiyo kwenye bei. Ila usikubali paini mbichi isiyotiwa dawa eti kwa sababu tunaishi jirani na Sao Hill na mbao ni za kumwaga. Mkojo utaimaliza upesi. Weka mbao ngumu kama mninga, na uache nafasi ndogo za maji kutoka.

Hatua ya 3: chasisi na springi

Hapo ulipolala, gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Tazama palipochomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi nzito. Rangi hiyo mara nyingi ni kanzu tu, ndani kuna mengine.

Matela mengi ya nje yana ekseli zenye mipira ndani badala ya springi za majani. Kwenye lami ni laini kama godoro. Mpira ukizeeka, mkono wa gurudumu unalala na tairi linasogelea bodi upande mmoja. Kwa barabara zetu za vumbi, mimi nachagua springi za majani hata kama tela ni zee kidogo, kwa sababu jani likikatika, fundi wa kijijini anaweza kulitengeneza siku hiyohiyo. Huo mpira utauagiza wapi?

Hatua ya 4: kichwa cha tela na breki

Hapa nitakaa kidogo, maana nyanda zetu zote ni milima.

Breki za tela la aina hii haziendeshwi kwa waya wala bomba linalotoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma. Kichwa cha tela, pale linapoungana na gari, kinaingia ndani, kinavuta fimbo, fimbo inavuta kebo, breki zinashika. Sukuma kichwa ndani kwa nguvu za mwili wako. Kinatakiwa kiingie kwa ubishi na kirudi polepole. Kikiingia bila ubishi na kurudi "tak!", shokamzoba yake imekufa, na kila ukigusa breki farasi watapigwa kichwa na mkia.

Vuta hendibreki tela likiwa kwenye mteremko, kisha wewe na mwenzako mlisukume. Lisitembee. Nyanyua kila gurudumu kwa jeki, litikise, lizungushe, sikiliza beringi. Ikisaga kama jiwe la unga, ni ya kubadilisha. Angalia pia ule waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye gari; tela likichomoka, ndio unaovuta breki kabla haujakatika. Wengi wanaukata kwa sababu unawakera.

Mpira wa ndoano, lile tufe la chuma kwenye gari, uwe wa milimita 50. Ile mipira ya vipimo vya Kimarekani ni milimita 50.8, na tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya kichwa kikwame au kisikae sawasawa. Nimewahi kuona mpira uliochongwa gereji kutoka kwenye chuma cha mashine ya kusaga. Uliteleza vizuri tu, na ndicho kilichonitisha.

Jambo linalosahaulika: breki hizi zinashika muda wote tela linaposukuma. Ukishuka Kitonga kwa gia nzito, unadhani unatunza breki za gari, na ni kweli, lakini za tela zinaungua kimyakimya nyuma yako. Kwa hiyo nenda taratibu tangu juu kabisa, pumzika mahali palipo salama, shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Likiwa moja la moto na mengine ya baridi, kebo zake hazivuti sawa. Kwenye mteremko wa Iwambi fanya vivyo hivyo.

Hatua ya 5: matairi na taa

Tela hukaa zaidi ya linavyotembea, hivyo tairi huzeeka kabla ya kuisha meno. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Nyufa ndogo ubavuni, kataa. Taa zijaribiwe kwa gari lako, si la muuzaji.

Hatua ya 6: ingia ndani ujifanye farasi

Simama upande mmoja, tanua miguu. Farasi hawezi kujishikilia kwa mikono. Anajishikilia kwa kutanua miguu. Ukuta wa katikati unaofika mpaka sakafuni unamnyima nafasi hiyo, ndiyo maana wengi hupenda ule unaoishia juu na kuning'iniza mpira chini. Bomba la kifuani, lile linalomzuia farasi asisogee mbele, liwe na pini inayofunguka kutokea nje, hata farasi akiwa amelilalia. Kimo cha ndani, sakafu hadi dari, kiwe mita 2.1 au zaidi. Madirisha yafunguke. Baridi ya Makambako isikudanganye ukafunga kila kitu. Farasi anavumilia baridi kuliko hewa chafu.

Mlango wa nyuma, ule unaolala chini ukawa daraja, uweze kuunyanyua peke yako. Ukihitaji wanaume watatu, springi zake zimechoka.

Hatua ya 7: karatasi

Tela lina namba yake na kadi yake, mbali na za gari. Linganisha namba ya chasisi na kadi, andikishaneni mkataba, uhamisho wa umiliki ufanyike TRA. "Kadi iko Dar kwa shemeji" si kadi.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Mafinga: Shikamoo mzee. Kwa nini nisinunue kirikuu tu nikaiwekea bomba na turubai? Bei nafuu, na mizigo mingine nabeba.

Marahaba kijana wangu. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, imetengenezwa kubeba kilo 350. Farasi mmoja peke yake ameshapita hapo, tena mzigo wenyewe umesimama juu na unahamahama. Kwenye kona italala. Kenta inaweza, ila kitanda chake kiko juu sana, lazima uwe na tuta la udongo la kupakilia na jingine kule unakoshushia.

Mama mfugaji, Tukuyu: Habari za kazi kaka. Sina farasi, nataka kuleta mitamba wawili wa Friesian kutoka Kitulo. Nimepata tela la farasi la kuazima. Linafaa? Dereva anasema tutashukia Matamba hadi Chimala.

Nzuri mama, karibu. Linafaa sana, kwa masharti. Bomba la kifuani limewekwa kwa kimo cha farasi. Mtamba atapita chini yake, kwa hiyo ziba hapo kwa mbao imara. Mwaga maranda ya kutosha, mavi ya ng'ombe ni laini na sakafu itakuwa kama imepakwa mafuta. Kibali cha kusafirisha mifugo kichukue kwa afisa mifugo mapema, usisubiri mpaka uulizwe njiani. Ukirudisha tela, lioshe mpaka kwenye kona.

Ila huyo dereva muulize anatafuta nini Chimala. Zile kona 57 na mzigo nyuma, breki za tela zitanuka kabla hajafika katikati, halafu bado azunguke mpaka Uyole ndipo aanze kupanda kuja kwako. Apitie Kikondo atokee Isyonje, hapo Tukuyu ni kushuka tu. Mvua ikinyesha njia ile inateleza, basi ngojeni siku kavu.

Mwanachama wa Iringa mjini: Mkuu, nikibeba farasi mmoja kwenye tela la wawili, nimweke upande gani? Mwenzangu anasema kushoto, karibu na mlango mdogo.

Kulia, mkuu. Tunaendesha kushoto, na barabara imeinama kuelekea pembeni ili maji yatoke. Uzito ukiwa kushoto unaongeza ule mwinamo, gurudumu likitoka nje ya lami tela linavutwa mtaroni. Wakiwa wawili, mzito akae kulia.

Mwanachama wa Mbalizi: Tela nimeshanunua, liko vizuri kwa vipimo vyako vyote. Nikilifunga kwenye Land Cruiser yangu pua inatazama juu. Ni kosa?

Ni kosa. Land Cruiser iko juu, hasa ukiwa umeinyanyua. Tela likiinama nyuma, farasi wanashinda safari nzima wamebeba uzito kwenye miguu ya nyuma, na gari linakosa mzigo wa kutosha kwenye ndoano, tela linaanza kucheza mkia. Peleka kwa fundi wa kuchomelea anayeaminika akushushie bamba la ndoano mpaka tela lisimame sawa, kisha pima tena farasi wakiwa ndani.

Dada wa Makambako: Wangu hataki kuingia kabisa. Tumemchapa, tumemvuta kwa kamba, watu sita, wapi.

Pole dada. Rudisha hao watu sita makwao. Funga tela kwenye gari lisitikisike, sogeza ukuta wa katikati pembeni, fungua mlango wa mbele mwanga uingie. Anachokiona sasa ni pango. Mlishe pumba kwenye daraja siku ya kwanza, kesho ndani kidogo, keshokutwa ndani kabisa, bila kufunga mlango. Akishazoea, mfunge kwa uzi wa katani uliopitishwa kwenye pete, kamba yake ifungwe kwenye huo uzi, ili akishtuka uzi ukatike badala ya shingo. Na mwachie kichwa kishuke. Farasi aliyefungwa kichwa juu saa nyingi, uchafu wa puani haushuki, unarudi kwenye mapafu.

Kijana wa Mafinga: Mzee, nimerudi. Yule wa kirikuu. Nimepata tela Ipogolo, muuzaji anasema mikeka imebandikwa ili isiteleze...

La kijani?