Kutia Rangi Mpini wa Titani wa Kisu cha Kukunja

Titani ni metali isiyoshika kutu, hata hapa Tanga ambako upepo wa bahari hula misumari ya milango. Lakini ubapa na skrubu za kisu ni za chuma, kwa hiyo fungua kisu chote, vipake vyuma hivyo mafuta ya cherehani, na ubaki na pande mbili za mpini tu.

Rangi itokanayo na umeme haipakwi: ni utando mwembamba wa oksaidi (titani iliyoungana na oksijeni) unaobadili jinsi mwanga unavyoakisiwa, na unene wake hufuata volti. Betri 3 za volti 9 zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 27, nazo huleta buluu nzuri.

Sugua mpini kwa msasa laini, uoshe kwa sabuni, uufute kwa spiriti, kisha usiuguse kwa vidole vitupu, kwani mafuta ya ngozi huacha mabaka. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo inayoamua uzuri wa kazi nzima.

Koroga kijiko cha bekingi soda katika maji, ndani ya chombo cha plastiki. Kamwe usitumie chumvi wala maji ya bahari, maana umeme hutoa humo gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Vaa glavu za mpira, fanyia kazi barazani, unganisha waya chanya na titani na waya hasi na karatasi ya alumini, kisha tumbukiza titani na alumini katika maji hayo, na visigusane. Rangi hutokea kwa sekunde chache. Anza na volti ndogo, kwa kuwa rangi ya volti kubwa hairudi nyuma isipokuwa kwa kuisugua upya.