Kabla hujauliza kuhusu sumaku ya kichwani

Mwanangu alimeza dawa mbili za kifafa, zote zikimfaa, asiruke dozi; akaendelea kuanguka. Hapo ndipo madaktari husema kifafa sugu. Ukifika hapo, mwenzangu, usivuke feri ya Likoni kwenda hospitali Mombasa mikono mitupu. Beba daftari: tarehe, saa, dakika alizotetemeka. Mrekodi kwa simu, uonyeshe macho na mkono uliotangulia kukaza. Kipande hicho cha video daktari wetu alikitazama mara tatu!

Kisha uliza kuhusu kutuliza ubongo bila upasuaji: mipigo ya sumaku juu ya fuvu, au umeme hafifu wa miliampia 1 hadi 2. Bado inafanyiwa utafiti. Taja chuma chochote kichwani, hasa kifaa kilichopandikizwa sikioni. Dawa anaendelea kumeza vilevile.