Jinsi ya kuvaa buti mpya za ngozi za kushonwa kwa mkono mpaka zikae mguuni

Buti ya ngozi nzito iliyoshonwa kwa mkono inakuja ngumu, na inatakiwa iwe ngumu, naomba hilo ulijue kabla ya yote. Mimi nashona hapa Moshi, wateja wangu wengi ni vijana wanaopanda mlima na watu wa bodaboda, na swali linalorudi kila mara kwa aliyechukua buti mpya ni "fundi mbona inabana, umekosea kipimo?" Mara nyingi kipimo kipo sawa kabisa, ila mtu amezoea raba ya dukani ambayo unavaa leo na leo leo unakimbia nayo. Ngozi nene haiendi hivyo, inafuata mguu wako kidogokidogo kwa joto na jasho la mguu wenyewe, na ukiiharakisha unaiharibu.

Hatua ya 1: jaribu jioni, sio asubuhi
Mguu unavimba kadiri siku inavyoenda, hasa kama umesimama au umetembea sana. Kwahiyo kachukue buti zako jioni, na nenda na soksi ile ile utakayovaa nazo, sio soksi nyembamba ya ofisini wakati unataka buti za shamba. Ukishafunga kamba angalia vitu vitatu. Vidole vichezeke, na mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono hivi, maana ukiteremka mlima mguu wote unasogea mbele na ukucha ukigonga kule mbele siku nzima unakufa. Pili, ile sehemu pana ya mguu wako, pale chini ya vidole, ikae kwenye sehemu pana ya buti. Tatu kisigino. Hapa watu ndio wanachanganyikiwa, kisigino kupanda kidogo ndani ya buti mpya ni kawaida kabisa, soli bado haijajua kukunja kwahiyo inabaki imenyooka wakati mguu unanyanyuka, soli ikishalainika kisigino kinatulia. Lakini kikipanda mpaka unahisi mguu unataka kutoka, hiyo buti ni kubwa.

Na usidanganyike kwamba "itatanuka tu". Ngozi inatanuka kwa upana, kwa urefu haiongezeki. Kama kidole kinagusa mbele, irudishe hapo hapo.

Hatua ya 2: chagua mkunjo wenyewe
Hii hatua karibu kila mtu anairuka na mimi naona ndio inayoamua buti itakuwaje miaka yote itakayoishi. Buti mpya ikikunjwa mara ya kwanza pale juu ya vidole inaweka alama, na ikishaweka itakunja hapo hapo siku zote. Ikijikunja vibaya, kwa pembeni au karibu sana na kidole kidogo, utakuwa na mkunjo unaokuchoma mpaka buti iishe. Kwahiyo vaa, funga kamba vizuri, kaa kwenye kiti, chukua penseli au kalamu ya mviringo uilaze juu ya buti kukatisha pale vidole vinapoanzia, uishikilie imara, alafu nyanyua kisigino taratibu huku vidole vimebaki chini. Ngozi itakunja mbele na nyuma ya kalamu, mistari miwili iliyonyooka. Fanya mguu wa pili hivyo hivyo, na hakikisha mistari iko sehemu moja pande zote mbili.

Hatua ya 3: siku za mwanzo ni za ndani ya nyumba
Vaa nusu saa, vua. Kesho saa nzima. Ndani, kwenye sakafu safi, kwa sababu kama kuna tatizo la kipimo fundi anaweza kurekebisha buti ambayo soli yake bado safi bila maneno mengi. Usikae tu kwenye kochi, zunguka, panda na kushuka ngazi kama zipo, chuchumaa, kukunja ndiko kunakoilainisha. Ukiona inakwenda vizuri ongeza muda, nenda nayo dukani, msikitini, kanisani, kwa jirani, safari fupifupi ambazo ukichoka unarudi kubadilisha. Kupeleka buti mpya moja kwa moja kwenye kupanda Kilimanjaro, siku tano sita za kutembea, tafadhali usifanye hivyo, mguu ukitoka lengelenge siku ya kwanza zilizobaki zote ni mateso na kutoka kule juu huwezi kurudi chini kirahisi.

Soksi vaa mbili, nyembamba ya nailoni ndani na nene juu. Zikisuguana zenyewe kwa zenyewe, ngozi ya mguu wako inapona. Na ukihisi sehemu inapata moto, yaani kabla hata haijauma, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisubiri lengelenge litokee umechelewa na itabidi upumzike mpaka lipone, na buti nayo inasubiri.

Hatua ya 4: kamba
Kamba zinarekebisha mengi kuliko watu wanavyodhani. Mguu ukibanwa juu, pale penye kinundu cha mfupa, ruka tundu moja hapo, usikatishe kamba, pandisha tu wima kila upande alafu endelea. Kisigino kikipanda, pale kifundo kinapokunja zungusha kamba mara mbili badala ya moja kisha uvute, hiyo inakaza mguu nyuma na sehemu ya juu unaweza kuiacha legevu. Ulimi, kile kipande cha ngozi kinachokaa chini ya kamba, uweke katikati kabla hujafunga, ukiuacha umeenda pembeni utakaa hivyo moja kwa moja.

Hatua ya 5: maji na moto usivitumie
Nasikia kila aina ya njia. Kuloweka buti kwenye beseni na kuvaa mpaka zikauke, kujaza mifuko ya maji na kuweka kwenye friza, kuzianika karibu na jiko ndio zilainike. Ngozi ni nyuzi, na nyuzi zikiwa na maji alafu zikapata joto kali zinajivuta na kusinyaa na hazirudi tena. Ngozi iliyotengenezwa kwa kromu, yaani dawa ya madini, inavumilia hata maji ya moto sana, lakini ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti, na huku ndio ile inayotumia miwati, hiyo miti ya Australia inayolimwa sana Njombe, ikiwa imelowa inaanza kusinyaa kwenye nyuzi joto 80 hivi, na kuta za jiko la mkaa zinapita hapo bila shida. Ukiiloweka pia soli ya ndani inajikunja, gundi inaachia, na misumari ya kisigino inashika kutu. Buti inalainika kweli kwa muda, ila unakuwa umekula maisha yake.

Ikinyeshewa, na masika huku huwezi kukwepa, futa matope, toa soli ya ndani kama inatoka, jaza magazeti, uweke kivulini penye upepo. Badilisha gazeti likilowa. Kukauka kunaweza kuchukua siku mbili, iache.

Hatua ya 6: mafuta, lakini kidogo
Buti mpya imetoka na mafuta yake tayari. Subiri mpaka uone ngozi imepauka au ikikunjwa inaonyesha mistari mikavu, ndio upake. Nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya wanyama ni nzuri, paka kwa kitambaa, tabaka jembamba, iache usiku, asubuhi ufute. Mafuta ya kupikia hapana, yanachacha na kunuka ndani ya ngozi. Ya nazi yanaganda baridi ikiingia na yanatia weusi, labda kama rangi haikusumbui. Jaribu kwanza chini ya ulimi pasipoonekana. Na ukizidisha, kile kipande kigumu kinachoshika kisigino kinalegea, buti inapoteza umbo na hakuna fundi wa kukirudisha bila kuifungua.

Wa Dar, Tanga na Zanzibar, unyevu wa pwani unaleta ukungu. Usifungie buti kwenye mfuko wa plastiki. Ukungu ukitokea futa kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji, kausha, kisha paka mafuta kidogo.

Watu wa pikipiki: gia inakula ngozi ya juu ya buti ya kushoto kabla hata haijalainika. Mwambie fundi akushonee kiraka cha ngozi hapo tangu mwanzo, ni kazi ndogo na buti inadumu mara mbili.

Hatua ya 7: ipumzishe
Usivae siku mbili mfululizo kama una viatu vingine. Jasho la siku moja linaingia kwenye ngozi na kwenye soli ya ndani, na linahitaji usiku na mchana kutoka. Ile soli ya ndani ndiyo inayobonyea polepole ikachukua alama ya unyayo wako, kisigino na ile sehemu pana chini ya vidole, ukiinyanyua baada ya miezi utaiona. Ikiwa na unyevu kila siku inaoza kabla haijafika hapo.

Wiki tatu mpaka sita za kuvaa kawaida ni muda wa kutegemea, nzito sana inaweza kuzidi. Ikipita hapo na bado kuna sehemu moja inauma, tuseme kwenye kinundu cha kidole gumba, weka alama ya chaki juu ya buti penye maumivu ulete, fundi analowesha pale tu na kuisukuma kwa ndani kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kushonea viatu, mpaka ipate nafasi. Lakini ganzi ya vidole, au kucha kubadilika rangi, sio ugumu wa ngozi huo. Buti ni fupi au nyembamba kwako, acha kuivaa na urudi kupimwa upya.