Kuchagua ngozi ya kujalidi vitabu vya maktaba

Anza na mbuzi. Nyuzi za ngozi yake zimesukana kwa nguvu, hivyo huhimili mkunjo wa jalada linalofunguliwa kila siku. Kondoo ni laini na nafuu, lakini katikati ya ngozi yake kuna mafuta, na tabaka la juu hubanduka.

Hapa Dodoma, kupata ngozi ya mbuzi si shida. Shida ni namna ngozi ilivyochakatwa. Nyingi wanazotumia mafundi viatu ni za kromu, yaani zimechakatwa kwa chumvi za madini ya kromu: hudumu, ila ni ngumu kupunguza kwa kisu, kingo ulizokunja hufunuka, na maandishi ya chuma cha moto hayashiki. Choma kipande kidogo. Majivu yenye ukijani ni kromu, ya kijivu ni ngozi iliyochakatwa kwa magome ya miti.

Hata ya magome, usilipe haraka. Magome ya miti ya miwati ya Njombe hutoa ngozi safi ya soli na mikanda, lakini ngozi ya tanini hiyo (kemikali ya mimea inayochakata ngozi) hufyonza gesi ya salfa hewani, nayo hugeuka asidi. Miaka ikipita, jalada linakuwa unga mwekundu unaochafua mikono. Kamati ya Society of Arts ya London ilitahadharisha dhidi ya tanini za kundi la miwati katika ripoti ya 1905, ikapendekeza majani ya mmea uitwao sumaki (sumac). Wajalidi wa Uingereza walipenda pia mbuzi wa kaskazini mwa Nigeria, anayechakatwa kwa maganda ya mbegu za mgunga wa Acacia nilotica. Maganda, si magome. Dondoshea upande wa nyama tone la myeyusho wa kloridi ya chuma: nyeusi ya kijani ni dalili ya kundi la miwati, lakini nyeusi ya bluu peke yake haithibitishi kuwa ngozi ni salama.

Kisha inua ngozi kwenye mwanga utafute matundu ya kupe, makovu ya miiba na mikato ya visu vya machinjioni. Mgongo wa kitabu ukatie kwenye uti wa mnyama. Tumboni ngozi hutanuka.

Unene uwe milimita 0.8 hadi 1, kingo 0.5. Ukipunguza zaidi kwenye kiungo, mahali jalada linapopinda, ndipo patakapochanika kwanza. Kitabu cha A4 kinahitaji kipande cha sentimita 50 kwa 34. Kwa vitabu vya kuazimwa, mgongo wa ngozi wa 34 kwa 12 na kitambaa pembeni vinatosha.

Bandika kwa uji wa wanga wa ngano, sehemu 1 kwa maji 5. Gundi nyeupe ya mbao ikishakauka haibanduki bila kuharibu kitabu.

Jalada lililokwisha kuwa unga usilipake mafuta: hunasa vumbi, na Dodoma halikosekani. Lifunge kwa karatasi isiyo na asidi.